Do Iko Wapi? Kisa cha Warsha ya Jazi ya Bure Eastlands

Warsha ya kuimba jazi, huku Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, ilikuwa ya bure. Ukumbi ulipatikana, mwimbaji alikuwa hodari kweli, na mabango yalibandikwa kuanzia vituo vya matatu vya Jogoo Road hadi kwenye malango ya makanisa. Jumamosi ya kwanza viti havikutosha. Ilipofika ya tatu, waliobaki walienea kwenye mabenchi mawili, na nadhani baadhi yao walikuwa wameingia tu kusubiri mvua iishe.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Waandalizi walisema watu wa Nairobi hawathamini cha bure. Vijana walisema jazi ni muziki wa watu wa Kilimani, mtaa wa wenye hela. Mwimbaji mwenyewe alisema washiriki wake ni waoga, kwamba kwaya zimewafunga midomo kiasi kwamba mtu hawezi kutoa sauti bila kuongozwa kwa kidole. Nilikuwepo, nikikaa nyuma ukumbini, na sikubaliani na hata moja kati ya hayo matatu. Kilichotokea kilikuwa cha kimuziki: watu waliombwa kubuni sauti juu ya kodi ambazo hawakuwa wakizisikia. (Kodi za muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si za ushuru wa KRA.) Majina ya watu na ya ukumbi nimeyaacha, wenyewe watajitambua.

Mwimbaji huyu si mgeni wa Eastlands. Alikulia huko, akaimba kwaya kanisani na shuleni, akapanda jukwaa la Kenya Music Festival kama maelfu ya watoto wengine waliopitia tamasha hilo tangu lianze mwaka 1927. Baadaye akahamia kwenye jazi, na sasa huimba usiku katika hoteli na mikahawa ya Westlands, mahali ambapo sahani moja ya chakula ni nauli ya wiki nzima ya mtu wa Kayole. Alitaka kurudisha kitu nyumbani. Hakuomba malipo, na sina sababu ya kutilia shaka nia yake.

Waliokuja walikuwa mchanganyiko. Wengi walikuwa wanakwaya, wanawake kuliko wanaume, kutoka Makadara, Umoja na Kayole. Kulikuwa na vijana wa rap waliotoka Dandora wakiwa kundi moja, wanafunzi wachache wa sekondari, na mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la besi katika bendi za benga. Huyu mzee alivutwa na bango lenyewe. Kwa watu wa rika lake, jazi ni Shirati Jazz na Victoria Jazz, bendi za benga zilizobeba jina hilo, na alifika akiwa tayari kucheza. Alipoambiwa ni jazi ya Marekani, alikaa tu. Alisema ameshalipa nauli.

Hapa niseme neno kuhusu nauli. Nairobi ina mazoea yake ya semina: unakaa, unakunywa chai, unasaini karatasi, unapewa hela ya matatu. Swali hilo liliulizwa mapema na likajibiwa kwa ukweli kwamba hakuna kitu. Watu walicheka na wakabaki. Kama tatizo lingekuwa kwamba cha bure hakithaminiwi, wangeondoka siku ile. Walioacha kuja ndio hasa waliokuwa wakitoka mbali, waliojilipia magari mawili kwenda na mawili kurudi, tena Jumamosi mbili mfululizo, wakiacha nguo za kufua na vibanda vimefungwa. Mtu asiyethamini kitu hakitolei jasho kiasi hicho.

Sasa tuingie ukumbini Jumamosi ya kwanza, kwa sababu mambo yote yaliamuliwa pale.

Mwimbaji alianza vizuri. Kuvuma kwa midomo iliyofungwa, kutetemesha midomo kama mtoto anayeiga gari, kupumua kwa tumbo. Kisha makofi. Akawaomba wapige kofi kwenye pigo la pili na la nne, si la kwanza na la tatu. Mikono iliyozoea kupiga kila pigo wakati wa sifa kanisani iligoma kabisa. Watu walicheka, wakakosea, wakarudia, na baada ya muda ukumbi mzima ulikuwa unapiga mbili na nne, mzee wa besi akitikisa kichwa kana kwamba amekutana na rafiki wa zamani. Mpaka hapo nilikuwa namsifu kimoyomoyo.

Kisha akatoa simu, akaiunganisha na spika ndogo ya bluetooth, na kufungua bluzi ya baa 12 (baa hapa ni kipimo cha mapigo manne, si ya pombe) aliyoipakua kwenye intaneti, iliyorekodiwa bila mwimbaji ili mtu yeyote aimbe juu yake. Ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, ulikuwa B flati, ambao wapiga tarumbeta na saksafoni wanaupenda kwa sababu ya jinsi vyombo vyao vilivyotengenezwa. Akasema: kila mmoja atapata baa 12, imba chochote, "du", "ba", jina lako, hakuna kosa hapa.

Hayo maneno ya mwisho husemwa katika warsha nyingi, na nadhani hudhuru kuliko yanavyosaidia. Mtu aliyelelewa na kwaya anajua kosa lipo. Analisikia kinywani mwake kabla hujalisikia wewe. Ukimwambia halipo, anaelewa kwamba hutamsaidia kulikwepa.

Kwenye duara, wa kwanza alikuwa mama mmoja wa alto, sauti ya chini ya wanawake, mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia hufundisha kwaya ya kanisa lake. Alisikiliza spika akiwa ameinamisha kichwa, akaisikiliza tena, kisha akauliza:

"Dada, do iko wapi?"

"Usijali do, mama," mwimbaji akamjibu kwa upole. "Isikie tu."

Mama akatabasamu na kumpungia jirani yake mkono kwamba aendelee. Jirani naye akapitisha. Zamu ikazunguka karibu nusu ya duara bila sauti kutoka, mpaka ikawafikia vijana wa Dandora. Hao walijitosa. Walipiga midundo kwa midomo, wakatema maneno, wakaingia nyuma ya pigo na mbele yake, na ukumbi ukawashangilia. Ukisikiliza kwa makini ungegundua walikuwa wakikaa kwenye noti moja au mbili tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo katika rap si dosari hata kidogo. Lakini lilimpotosha mwimbaji. Aliona vijana wasiojua nadharia wamefaulu na wanakwaya wenye mafunzo wamekwama, akahitimisha kwamba kinachotakiwa ni ujasiri. Jumamosi ya pili akaongeza mazoezi ya ujasiri.

Swali la yule mama lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa ukumbini siku hiyo. Do ndiyo noti ya nyumbani, ambayo nyingine zote hupimwa kutoka kwake.

Fikiria alichokuwa akikisikia. Waya mnene kuliko wote wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa mitetemo kama 41 kwa sekunde. Spika inayoshikika kwa mkono mmoja haina mwili wa kutoa sauti hiyo. Inatoa mivumo ya juu yake tu, kwa unyonge, na katika ukumbi wa kuta za simiti na mabati, huku matatu zikipiga honi nje, hata huo unyonge unapotea. Kwenye rekodi za namna ile, mpiga piano naye hupiga kodi nusunusu, akiruka noti ya chini kwa kuwa anajua mpiga besi ameishika. Ondoa besi, na unachobakiza ni sahani za ngoma na vipande vya piano vinavyoelea. Mwimbaji alikuwa akiisikia baa ya tano, pale kodi inapobadilika, ikija kwa sababu ameipitia mara nyingi mno kiasi kwamba iko ndani ya mwili wake. Wengine walisikia kelele nzuri isiyo na mlango.

Na kwa nini spika, si mtu? Kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Nairobi, ukimkuta mpiga kinanda mzuri hana kazi Jumamosi, ujue ni mgonjwa au vyombo vyake vimeharibika. Harusi zinamtaka, ruracio (sherehe za mahari) zinamtaka, na jioni kuna mazoezi ya ibada ya kesho. Mpiga kinanda wa warsha hii aliahidi kuja, kisha ikatokea kazi ya kulipwa upande wa Kiambu, na hakuna anayeweza kumlaumu. Mfadhili alikuwa ametoa hela kidogo. Zilikwenda kwenye bango kubwa, fulana zenye nembo yake na soda. Ningependa kujua ni nani aliyekaa akaona fulana zinatangulia besi.

Jumamosi ya pili mwimbaji alisimulia kisa cha Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, kule Berlin, Februari 1960, alipoimba mbele ya maelfu ya watu na maneno ya wimbo yakamtoka kichwani katikati. Hakusimama. Alibuni maneno mengine papo hapo, akamwiga Louis Armstrong, na rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo ya Grammy. Ni kisa cha kweli na kitamu, na mwimbaji alikisimulia kuwaonyesha kwamba kusahau si kifo.

Lakini kisa hicho kina upande ambao haukusemwa. Nyuma ya Ella kulikuwa na bendi ya watu wanne ya Paul Smith, piano, gitaa, besi na ngoma, na hakuna hata mmoja wao aliyesahau kitu. Kilichompotea ni maneno. Kodi zilikuwa pale pale, zikigeuka kwa wakati wake, na alizijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake gizani. Mtu huyo alikuwa na zaidi ya miaka 25 ya jukwaa tangu aliposhinda shindano la chipukizi pale Apollo, Harlem, mwaka 1934. Ukimtolea mama wa Makadara mfano wa Ella, mpe na Paul Smith wake.

Kuhusu hoja ya Kilimani, nitaipita haraka. Ina ukweli wa mfukoni: usiku mmoja wa jazi unaweza kumla mtu hela za unga. Ila Korogocho haiko mbali na Dandora, na kule vijana wa mradi wa muziki wa Ghetto Classics wamekuwa wakipiga ala za kila aina kwa miaka. Tamasha la Safaricom Jazz, lililoanza 2014, lilipeleka mapato yake kwao na likawapandisha jukwaani. Eastlands haikuwa ikisubiri ruhusa ya mtu ili ipende jazi.

Mabadiliko yalianzia nje ya ukumbi, Jumamosi ile ya tatu ya watu wachache, kwenye kibanda cha chai kilicho karibu na lango. Mwimbaji alikuwa amevunjika moyo na hakuficha. Yule mama akamnunulia mandazi.

"Mwanangu, unaimba mpaka nywele zinanisimama," alimwambia. "Lakini hujatuambia wimbo unaenda wapi."

"Hauendi mbali, mama. Kodi ni tatu tu."

"Basi tuandikie."

"Kwa noti?"

"Noti hatusomi. Kwa solfa."

Mwimbaji akasita. "Mkiwa na solfa mtaimba kama mko Festival."

"Heri tuimbe kama tuko Festival kuliko tunyamaze."

Mzee wa besi, aliyekuwa akipuliza chai yake pembeni, aliuliza ni kodi gani hizo tatu. Alipoambiwa do, fa na so, akacheka mpaka chai ikamwagika. Ndizo alizokuwa akipiga kwenye benga maisha yake yote, alisema, na kama angeambiwa mapema angekuwa ameshaanza kazi.

Kwa asiyeijua, solfa ni uandishi wa muziki kwa herufi badala ya mistari mitano. Sarah Glover na baadaye John Curwen waliikuza Uingereza katika karne ya 19, wamishonari wakaisambaza Afrika, na huku ikashika kuliko kwao. Haihitaji karatasi maalumu. Unaweza kuiandika ubaoni, kuipiga chapa kwa taipureta, kuituma kwa ujumbe wa simu. Ingia kwenye mazoezi ya kwaya yoyote ya Nairobi jioni ya Alhamisi uone nakala zilizofifia za d, r, m, f, s, l, t zikipitishwa mkono kwa mkono. Watu hawa wana elimu ya sauti nne ambayo wanafunzi wengi wa jazi duniani wangeililia. Warsha ilikuwa imewaambia waiache mlangoni.

Solfa pia ina majina ya noti zilizopinda, na hapo ndipo bluzi inapokaa. Mi ikishushwa nusu toni, hatua ndogo kuliko zote, huitwa ma. Ti ikishushwa huitwa ta. Wanakwaya wanazijua, hukutana nazo wimbo unapohama ufunguo, ingawa wengi huziogopa.

Jumamosi iliyofuata mwimbaji alikuja na chaki. Hakuandika wimbo. Aliandika baa 12 na noti mbili tu kwa kila kodi, zile zinazoitofautisha kodi moja na nyingine, na chini yake noti ya besi. Wapiga piano wa jazi hulijua zoezi hili tangu zamani, ila sijawahi kuliona limevaa solfa:

Wanawake: mi (baa 1–4), ma (5–6), mi (7–8), fa (9), ma (10), mi (11–12).
Wanaume: ta (baa 1–4), la (5–6), ta (7–8), ti (9), la (10), ta (11–12).
Besi: do (baa 1–4), fa (5–6), do (7–8), so (9), fa (10), do (11–12).

Itazame safu ya wanawake. Hakuna anayeruka. Kutoka mi kwenda ma ni nusu toni kushuka. Kutoka mi kwenda fa ni nusu toni kupanda. Hatua kubwa kuliko zote ni fa kwenda ma, toni moja. Ya wanaume ni vivyo hivyo, ta kwenda la, ta kwenda ti, kisha ti kushuka la. Sauti mbili zinasogea kidogo kidogo, na besi peke yake ndiyo inayotembea mbali. Mwanakwaya akiona hivyo anapumua, kwa sababu hiyo ni kazi anayoifanya kila Jumapili.

Simu ilibaki mfukoni. Mwimbaji akatoa do kwa mdomo, kwenye ufunguo unaowafaa alto badala ya ule wa tarumbeta. Mzee akaishika do chini kabisa, kwa sauti iliyochakaa lakini isiyoyumba, akiipiga mara nne kila baa kana kwamba bado ana nyuzi mkononi. Mara ya kwanza ma ya wanawake ilikaa juu mno, karibu na mi, kwa ile hofu ya mwanakwaya ya kushuka sauti. Mama akawageukia na kuwashusha kwa kiganja. Wakaanza upya.

Baa ya tano ikafika. Wanawake wakashuka ma, wanaume wakashuka la, mzee akapanda fa, vyote kwa pigo moja. Ukumbi uligeuka rangi. Kijana mmoja wa Dandora, aliyekuwa ameegemea ukuta na simu yake, akainua uso: "Kumbe hapo ndo inageuka!"

Ndiyo. Hapo ndipo inapogeuka, na alikuwa ameimba juu yake Jumamosi mbili bila kujua.

Wakaizunguka baa 12 tena na tena mpaka haikuhitaji ubao. Ndipo mwimbaji akaanza kuimba juu yao, bila maneno, na kwa mara ya kwanza watu wakasikia anachokifanya: kwamba anaigusa mi kisha anaichelewesha, kwamba anaingia baa ya tano na ma iliyokwisha kupinda kabla wao hawajafika. Kumbe hakuwa akitoa tu chochote kilichomjia.

Kisha akampa mama zamu, kwa sharti moja: tumia noti yako ile ile, mi au ma, ila mdundo uwe wako. Mama akaacha baa mbili zipite kimya. Wengine wakadhani amepitisha tena. Akaingia kwenye baa ya tatu kwa mi fupi tatu, akanyamaza, akaikokota ma kwenye ya tano kwa muda mrefu na sauti ya kifuani ambayo sidhani kanisa lake limewahi kuisikia. Noti mbili tu, na ilikuwa bluzi bila shaka yoyote. Mtu akapiga kigelegele. Baada yake hakuna aliyepitisha.

Habari ilisambaa kwa WhatsApp, kwa sauti za kurekodiwa na simu zenye mikwaruzo, na baadhi ya waliopotea wakarudi. Si wote. Kuna waliokuwa wameshajaza Jumamosi yao na mambo mengine, na hilo nalo ni la kawaida. Mdundo wa swingi uliwasumbua kwa muda, ule wa kuligawa pigo katika tatu na kuegemea la kwanza na la mwisho, mpaka dada mmoja wa Mombasa alipoanza kupiga chakacha mezani na vidole. Chakacha yenyewe huhesabiwa kwa tatu tatu. Kutoka pale kwenda swingi palikuwa pafupi.

Nisionekane kwamba solfa iliponya kila kitu. Hofu ya mwimbaji ilikuwa na msingi. Walipoanza kujiamini, sauti zilitoka za kwaya hasa: kila konsonanti imepigwa pasi, mtetemo wa koo kwenye kila noti ndefu, macho yakimtafuta jaji. Jazi huimbwa karibu na usemi. Mtu huvuta sentensi nyuma ya pigo kama anayesimulia jambo kwa jirani, huacha noti ikauke bila kuitetemesha, huisogelea maikrofoni anaponong'ona na kurudi nyuma anapopaza. Hayo hayaandikiki kwa herufi saba. Yanatoka kwa mtu aliyeyaishi, na mwimbaji huyu aliyaishi. Naona ndiyo kazi aliyostahili kuifanya tangu mwanzo. Alishindwa kuifikia kwa kuwa watu walikuwa bado wanatafuta do.

Vijana wa rap nao walipoteza kitu. Solfa haikuwa lugha yao, na Jumamosi ile ya ubao baadhi walichoka wakatoka nje. Mwimbaji alipata njia ya kati kwa kuwapa baa nne, kisha kwaya baa nne, wakijibizana kama wapiga ala wa jazi wanavyofanya. Ilifanya kazi kwa waliojua kuhesabu baa. Wengine walipitiliza mpaka baa ya sita na kumkanyaga kila mtu. Bado hapo pana kazi.

Jambo la mpiga kinanda halijatatuliwa. Washiriki walianza kuchanga kidogo kidogo ili apatikane walau mara moja kwa mwezi, na waandalizi wakapata wasiwasi kwamba sasa warsha si ya bure tena. Mimi huo wasiwasi sina. Bure ilikuwa ahadi kwa mshiriki kwamba hatafukuzwa mlangoni kwa kukosa hela, na haijavunjwa, kwani asiyechanga anaimba vilevile. Ila waandalizi wa shughuli kama hii wangefanya vyema kumweka mpiga kinanda, au hata gitaa la besi na amplifaya ya kuazima, kwenye mstari wa kwanza wa bajeti. Fulana ziwe mstari wa mwisho, na zikikosa hela zikose. Wangeweza pia kuhamisha siku. Jumatano jioni mpiga kinanda huyo huyo yuko nyumbani.

Sasa wameingia kwenye nyimbo za baa 32, za Marekani ya miaka ya 1930, zile ambazo baa nane hurudiwa, kisha inakuja sehemu ya katikati waimbaji wanayoiita daraja, kisha baa nane za mwanzo zinarudi. Daraja wanalolishughulikia lina kodi nne, kila moja baa mbili. Mama ameshaliandika: wanawake se, so, fe, fa, wanaume re, de, do, ti (se, fe na de ni so, fa na do zilizopandishwa nusu toni). Safu zote mbili zinashuka nusu toni kila mara, anasema, kwa hiyo hakuna haja ya kuihamisha do, ibaki ilipo. Mwimbaji anasema wakiacha do ilipo wataimba noti sahihi bila kusikia kwamba wimbo umetoka nyumbani, na kutoka nyumbani ndiyo maana ya daraja. Anataka kila kodi ipewe do yake. Wamebishana Jumamosi nzima, kwa heshima na kwa sauti ya juu. Mzee wa besi amesema yeye ataimba mi, la, re, so, na wakimaliza wamwite.